Nyumba Nambari Nne

Jumatatu, 16 Juni 1986

Nimefika Swinlow saa nane mchana kwa basi la Buxton. Hakuna aliyenipokea. Jina langu ni Desmond Swinlow, kijiji chenyewe ni Swinlow, ungedhani hata mifugo ingeshtuka. Kondoo wawili waliinua vichwa. Wakaniona. Wakarudi kwenye majani yao.

Niweke mambo wazi, kwa faida ya watakaosoma shajara hii baadaye. Nina miaka sitini na sita. Nimeuza mapazia Stockport miaka thelathini na tisa, mpaka duka likafungwa. Tangu hapo nalala katika chumba cha masanduku nyumbani kwa dada yangu Mavis. Sasa Mavis na shemeji Colin wameuza nyumba. Wanahamia pwani ya Wales tarehe tano Julai, kwenye kijumba chenye chumba kimoja cha kulala. Niliuliza sebule ina ukubwa gani. Colin akasema sebule ni ya televisheni. Kisha akanilipia wiki mbili za malazi huku, chumba cha juu ya baa, yeye ambaye hajawahi kuninunulia hata chai. Nilielewa.

Lakini nina silaha. Jina! Mwaka 1611 mfanyabiashara wa sufu aitwaye Hugh Swinlow aliacha wakfu hapa: nyumba nne za mawe kando ya kanisa. Tatu ni za wazee wa kijiji. Ya nne, wasia unasema, ni ya "mtu mmoja fukara mwenye jina langu, popote atokako, mpaka kufa kwake." Iko tupu tangu Februari. Nimeichungulia. Jiko la makaa. Kabati la ukutani. Dirisha pana, futi sita kwa nne, halina pazia! Nilisimama pale nikipima kwa macho mpaka mtu akakohoa nyuma yangu.

Aliyekohoa ni Bi. Enid Wragg, katibu wa wadhamini. Mama wa miaka sabini, udongo mikononi mpaka kwenye viwiko, sauti ya kuitia ng'ombe. Akanipa fomu. Ukurasa mmoja! Jina. Umri. Halafu swali: Je, wewe ni fukara? Ndiyo au hapana. Saini. Akasema nijaze palepale, wadhamini watakaa tarehe thelathini, ufunguo nitapewa siku hiyohiyo. "Andika ndiyo, baba, tia saini, nenda kale. Usinitungie riwaya."

Mimi si mtoto. Mtu hapewi nyumba ya mawe kwa neno moja. Hapa wanapima kitu kingine. Nikaikunja fomu, nikasema nitaitafakari. Akauliza kuna nini cha kutafakari. Nikainua kidevu, nikaondoka. Nina hadhi yangu.

Jumanne, 17 Juni

Balaa! Yupo Swinlow mwingine.

Anaitwa Norman. Ametoka Wolverhampton. Dereva wa basi mstaafu, sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Fomu yake ameshairudisha, na ameijaza kwa penseli! Ananiita "wajina" kana kwamba tulichunga mbuzi pamoja. Amenipa nusu ya mkate wake wa jibini. Niliula ili asinishtukie.

Akauliza kama huenda sisi ni ndugu. Nikamwambia haiwezekani, Swinlow wangu ni wa damu. Akasema damu hata yeye anayo, ameichangia hospitali mara thelathini.

Basi mkakati uko wazi. Lazima nithibitishe kwamba Swinlow halisi ni mimi. Hilo neno "fukara" ni lugha ya kizamani, mapambo ya wanasheria. Tajiri hawezi kuacha nyumba yake iingiwe na ombaomba yeyote. Alimkusudia muungwana aliyepumzika.

Jumatano, 18 Juni

Sokoni Bakewell kuna meza ya bwana anayeuza ngao za ukoo. Ana kitabu kikubwa. Unamtajia jina, analamba kidole, anafungua. Alifika kwenye S, akalamba tena, akaniambia nina bahati. Simba mwekundu amesimama kwa miguu ya nyuma! Minara mitatu! Nilihisi machozi. Miaka sitini na sita nimekuwa na simba bila kujua.

Amenichapia karatasi ishirini na tano zenye ngao juu. Nimempa saa yangu ya mkononi. Sasa sijui ni saa ngapi, lakini najua nilikotoka.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo bwana mmoja aitwaye Hogben. Naye akapewa simba. Bila shaka ni wa matawi ya chini.

Alhamisi, 19 Juni

Siku mbaya. Nimekwenda kwa Mchungaji Tindall, mwenyekiti wa wadhamini, kumwomba vitabu vya kale ili nijithibitishe kuwa wa uzao wa Hugh Swinlow. Mchungaji ni mtu mpole na mrefu, anainama kila mlango hata usiomgusa. Akasema kwa masikitiko kwamba Hugh alikufa bila mke wala mtoto. Ndiyo maana akaacha wakfu.

Nikajikaza. Nikasema basi mimi ni wa mabwana wa kijiji, wale Swinlow wenye ngome. Akasema ngome haijawahi kuwepo, na mabwana wa hapa waliitwa jina jingine kabisa. Kisha akaniuliza, kwa upole uleule, kama nimegundua kwamba Swinlow nzima hakuna mtu aitwaye Swinlow. Nikasema ndiyo, wamekwisha, inasikitisha. Akasema hawakuwahi kuwepo, hata Hugh mwenyewe alizaliwa mbali, katika uzao wa waliohama. Hapa watu waliitwa kwa kazi, au kwa baba, au kwa kilichokuwa karibu na nyumba. Adamu wa Kisimani. Adamu Mfinyanzi. Nani angekuita Swinlow ndani ya Swinlow? Kila mtu ni wa Swinlow! Jina la kijiji hupewa anayeondoka. Unafika kwa wageni, wanauliza umetoka wapi, unawaambia, basi wanakuita hivyo mpaka unazikwa nalo.

Yaani ukoo wangu wote umejengwa juu ya mtu aliyekula kona.

Nikauliza ni nani wa kwanza. Bora nisingeuliza. Akatoa daftari la mahakama ya kijiji cha jirani, mwaka 1342: Adamu wa Swinlow, ametozwa faini kwa kuonekana na nguruwe asiye wake. Na maana ya Swinlow, mchungaji akaongeza huku akijitahidi asitabasamu, ni kilima cha nguruwe.

Angalau aliiba cha nyumbani.

Ijumaa, 20 Juni

Nimelala vibaya, nimeamka na jibu. Asijue mtu habari za nguruwe. Nimewaandikia wadhamini barua kwenye karatasi ya simba, kurasa tisa. Nimetaja mashamba ya ukoo huko Cheshire. Vyombo vya fedha. Babu aliyekataa cheo kwa unyenyekevu. Kuhusu kipato changu nimeandika "kinachostahili hadhi yetu." Na fomu ya Bi. Wragg? Nimeiweka chini ya mguu wa meza, ilikuwa inayumba.

Nimeipeleka barua mwenyewe. Bi. Wragg alikuwa uani anakanda udongo kwa miguu. Akasoma ukurasa wa kwanza amesimama humohumo kwenye udongo. Akaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 22 Juni

Nilikuwa nimepanga kutoa hotuba kwenye baa jioni, kuhusu mchango wa Swinlow katika historia ya sufu. Nilikuwa na kurasa nne. Kumbe Uingereza inacheza na Ajentina. Nilisimama kwenye kiti mara tu baada ya lile goli la mkono. Nikasema, "Ndugu wananchi." Mkulima mmoja akaniomba nikae kabla hajanikalisha. Norman peke yake ndiye aliyepiga makofi.

Tumetolewa kwenye Kombe la Dunia na mimi nimetolewa kwenye kiti.

Jumatano, 25 Juni

Kumbe udongo wa Bi. Wragg una maana. Jumamosi ni siku ya kubariki visima. Ubao mkubwa kama mlango wa ghala umelowekwa bwawani siku nne, umejazwa udongo wenye chumvi, na sasa kijiji kizima kimejazana ghalani kubandika petali za maua juu yake, moja moja, mpaka zifanye picha. Mwaka huu ni safina ya Nuhu. Twiga wa maua ya manjano, tembo wa magamba ya msonobari. Wadhamini wote watatu wamo humo ndani magotini. Nafasi ya dhahabu! Nikaomba kusaidia.

Bi. Wragg akaniangalia viatu, akaniangalia uso, akanipa anga. Kona ya juu kushoto, petali za maua ya haidranjia, za bluu, kazi ambayo hata mlevi hawezi kuiharibu. Ndivyo alivyosema. Akanifundisha mara mbili: anza chini, panda juu, kila petali ifunike kichwa cha iliyo chini yake, kama vigae vya paa, mvua iteleze. "Ukianza juu, baba, maji yataingia nyuma, na utatuua."

Nikamwambia nimeshughulika na vitambaa miaka thelathini na tisa. Akasema hivi si vitambaa.

Norman amepewa Nuhu mwenyewe. Ndevu zote. Inaniuma sana.

Ijumaa, 27 Juni

Nimetenda! Waliposhuka wote kwenda kunywa chai, mimi nilibaki. Katikati ya anga la bluu sasa yumo simba mwekundu, wa petali za waridi, pamoja na minara mitatu. Ilibidi nianzie kichwani, maana chai ya watu hawa ni fupi na simba asiye na kichwa hana maana. Nikashuka mpaka mkiani. Kichwa kimetoka vizuri mno, na ubao nimeshaufunika kwa kitambaa cha sherehe kabla hawajarudi. Kesho kijiji chote kitasimama chini yake. Wadhamini watatazama juu, watamwona, watakumbuka barua yangu.

Nilipotoka mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Norman alinikuta barazani nikibadilisha kadibodi ndani ya kiatu changu cha kulia, kile chenye tundu. Akakiangalia kiatu, akapita. Baadaye nilikuta soksi kavu mbele ya mlango wangu, za sufu, zimekunjwa vizuri.

Mpelelezi! Sasa anajua udhaifu wangu. Nimezivaa, lakini kwa tahadhari.

Jumamosi, 28 Juni

Sijui niandike nini. Mvua tangu asubuhi. Bendi ya tarumbeta, mchungaji na mwavuli, watu mia mbili kuzunguka kisima. Kitambaa kikavutwa. Simba akaonekana! Mama mmoja akauliza paka anafanya nini mbinguni. Mchungaji akasita, akaendelea na sala.

Alipofika kwenye maneno ya kushukuru kwa ajili ya maji, simba akatikisika. Naapa alitikisika. Maji yalikuwa yameingia nyuma yake kuanzia kichwani, kama nilivyoambiwa, mara mbili. Akavimba. Akaanza kushuka, polepole, pamoja na minara yote mitatu na udongo wake wote. Akapita juu ya twiga. Akamzoa tembo. Akamfikia Nuhu, ndevu zikaenda. Yote yakatua kisimani kwa mlio ambao nitausikia mpaka kaburini.

Wiki nzima ya kazi ya watu arobaini! Bi. Wragg hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele. Aliokota jicho la tembo, punje ya kahawa, akalitia mfukoni mwa koti. Norman akasema kwa sauti kwamba hata gharika yenyewe ilianza hivi, na watu kadhaa wakacheka, na bendi ikapiga wimbo kwa haraka.

Nimejifungia. Naona aibu kiasi kwamba hata kushuka kuchukua chai siwezi.

Jumatatu, 30 Juni

Leo wadhamini wamekaa. Nimeeleza sherehe na aibu za kila aina katika shajara hii, lakini hili la leo mkono unasita.

Chumba cha nyuma kanisani. Mchungaji, Bi. Wragg, na Bwana Alsop, yule mkulima wa baa. Mimi na Norman tumekaa kwenye benchi. Nimevaa tai. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Norman alisimama wa kwanza, akaivua kofia, akasema anaondoa ombi lake. Binti yake wa Wolverhampton amemtayarishia chumba, mahali pa kwenda anapo. Akasema wajina wake hana, ingawa hasemi. Akakaa. Akatazama chini.

Mchungaji akaichukua barua yangu ya kurasa tisa, akaigeuza kifudifudi. Akasema hii tutaihesabu kwamba haikufika. Habari za kisimani, Bwana Alsop akasema, ni mambo ya mvua. Mambo ya mvua! Bi. Wragg akasukuma fomu mpya mezani. Hakukuwa na mwombaji mwingine. Ufunguo ulikuwepo, mkubwa, wa chuma, kando ya kikombe chake. Akasema hata kuandika nisiandike, ataandika yeye. Swali ni moja tu. "Bwana Swinlow, wewe ni fukara? Sema ndiyo, baba, twende zetu tukanywe chai."

Walinitazama wote wanne. Kwa wema! Dharau ningeiweza, nina uzoefu nayo wa miaka mingi. Lakini wema ule ulinivua nguo. Niliona soksi za Norman miguuni mwangu. Niliona kwamba wanajua: chumba cha masanduku, kadibodi, saa isiyokuwepo mkononi. Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Neno lilikuwepo. Nililihisi kwenye ulimi.

Nikasema Swinlow hajawahi kuwa fukara.

Wakangoja. Bi. Wragg akauliza tena, taratibu, kama anayemwita kuku atoke chini ya kabati. Nikasema tena, kwa sauti zaidi. Nikataja mashamba ya Cheshire. Mchungaji akafumba macho. Wasia ni wasia, akasema, asiye fukara hawezi kuingia. Bi. Wragg akauchukua ufunguo akautia mfukoni, mfuko uleule wenye jicho la tembo.

Norman alinisindikiza mpaka nje. Akaniuliza, kwa nini, wajina? Nikamwambia kuna mambo asingeyaelewa mtu wa mabasi. Akasema sawa. Akanishika bega, akaenda.

Nilikwenda kwenye lile dirisha. Futi sita kwa nne. Nilikuwa nimeshachagua pazia, la kijani kilichopauka, lenye bitana. Nimelia pale nje, mchana kweupe, na kondoo wakiniangalia.

Jumanne, 1 Julai

Basi. Mvua. Soksi bado kavu.

Jumatano, 9 Julai

Wales. Mavis aliona huruma, sasa nalala ndani ya gereji, baina ya mashine ya kukatia nyasi na mashua ya Colin ambayo haijawahi kuguswa na maji. Colin anagonga mlango kabla ya kuingia kuchukua bisibisi. Najaribu kuliona hilo kama heshima.

Leo imekuja barua ya Bi. Wragg. Fupi. Anasema hakuna Swinlow mwingine aliyejitokeza, nyumba nambari nne iko tupu, dirisha halina pazia, na wadhamini wamekubaliana kuiacha hivyo mpaka mwisho wa Septemba. Ameambatanisha fomu. Jina ameshaliandika yeye. Umri pia. Kwenye lile swali amezungushia "ndiyo" kwa penseli, hafifu, ili nikipenda niseme niliizungushia mwenyewe. Imebaki saini tu. Chini ameandika kwamba Norman ananisalimu na anauliza kama soksi zinatosha.

Nimeisoma mara tatu. Ni mtego, bila shaka. Wanataka niungame kwa maandishi.

Na kwa bahati sina haja nao tena! Nimekumbuka jambo kubwa jana usiku, nikiwa nimelalia ubavu mmoja ili usukani wa mashua usinichome. Mama yangu kabla ya kuolewa alikuwa Tidswick. Kipo kijiji cha Tidswick! Nimekiona kwenye ramani ya Colin, kina kanisa, na penye kanisa huenda kuna wakfu. Na huko bila shaka Tidswick walikuwa mabwana, watu waliokaa kwao, hawakukimbia na nguruwe wa mtu. Kinachohitajika ni ngao tu, niende nimejiandaa.

Karatasi ya fomu ya Bi. Wragg ni nene, nzuri, na nyuma haina maandishi. Nimeitumia kuchorea. Safari hii simba hapana, simba wanateleza. Nimechora dubu.